Kinundu Chenye Sura Njema

Karatasi aliyonipa bibi mmoja ilikuwa imekunjwa mara nne na kuwekwa kwenye pochi pamoja na kitambulisho chake cha taifa. Ilikuwa na mstari mmoja tu: kinundu cha kawaida kwenye tezi ya shingo, upande wa kulia. Hapakuwa na vipimo. Hapakuwa na neno lolote kuhusu kingo zake, weusi au weupe wake, wala mitoki ya shingoni. Miaka miwili karatasi ile ilikuwa imemtuliza. Bibi alikuwa ameteremka na basi la alfajiri kutoka Lushoto, akapita Mombo, Korogwe na Segera mpaka stendi ya Kange, na hata siku hiyo si shingo iliyomleta Tanga mjini. Daktari aliyemwona ndiye aliyeandika vyote viwili: nyonga ikapigwe eksirei, shingo ipimwe ultrasaundi.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu. Mimi nyonga ndiyo hainilazi usiku. Hili la shingoni ni rovu tu, mama yangu alikuwa nalo na kazikwa nalo akiwa mzee kabisa. Liache."

Nilimwekea mto chini ya mabega ili shingo ifunguke, akalegeza ushungi, nikapaka jeli na kuweka probu, kile kifaa cha mkononi cha ultrasaundi. Kinundu hakikujificha. Kilikuwa na sentimita 3.4, ukubwa wa yai la kwale, kimelala kwa starehe kufuata mlalo wa tezi. Kingo zake zilikuwa laini kana kwamba zimepigwa bikari. Rangi yake ilikuwa kijivu kilekile cha tezi yenyewe, na pembeni kilizungushiwa utepe mwembamba mweusi, mithili ya wanja. Nikatafuta punje nyeupe, sikuziona. Nikamwambia ameze mate. Kinundu kikapanda na kushuka pamoja na tezi, hakikukwama popote. Aliyefundishwa kuitambua saratani kwa sura angemfuta jeli na kuagana naye kwa amani.

Sindano ilipovuta seli, maabara ilijibu kwamba ni seli za folikuli, vile vifuko vidogo vinavyounda tezi, na haiwezekani kusema zaidi ya hapo. Nusu ya tezi ilipotolewa na kuchunguzwa chini ya hadubini ndipo ukweli ulipotoka: saratani ya folikula, yaani ya vifuko hivyo, imetoboa ganda lake na kuingia kwenye mishipa ya damu. Nyonga ilikuwa imeshafikiwa.

Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Methali hiyo nimeisikia tangu utotoni, ila sikuwahi kuishika mkononi namna ile.

Kuna swali ambalo watafiti wa Korea Kusini, China, Marekani na kwingineko wamelifukuzia kwa takriban miaka 20: je, sura ya kinundu kwenye ultrasaundi inaweza kutueleza ni jeni ipi iliyobadilika ndani yake? Nimelifuatilia kwa karibu kwa sababu ya kazi yangu, na baada ya bibi yule nimelifuatilia kwa uchungu. Ninachokiona ni hiki. Picha haisomi jeni. Inasoma tabia ya nyama ambayo jeni imeilea. Na majedwali tunayotumia kupimia hatari ya vinundu yanaifahamu vizuri tabia ya ukoo mmoja wa jeni kuliko ya ukoo wa pili. Kwa mkoa wenye milima ya Usambara mgongoni, jambo hilo halitakiwi kupitwa juujuu.

Nianze na sauti yenyewe. Probu hutuma mawimbi ya sauti ambayo sikio haliwezi kuyasikia, na kila yanapokutana na mpaka kati ya vitu viwili visivyofanana, sehemu yake hurudi. Tezi ya shingo yenye afya imejaa vifuko vidogo mno, folikuli, na kila kifuko ni ukuta wa seli uliozunguka ute mzito uitwao koloidi, ambamo homoni huwekwa akiba. Mipaka kati ya ukuta na ute haihesabiki. Ndiyo maana tezi nzima hung'aa kwenye skrini, ikiizidi kwa mbali misuli ya shingo iliyo mbele yake. Ukikuta mahali pameingia weusi, mara nyingi vifuko vimetoweka na nafasi yao imejaa seli zilizosongamana au makovu. Sauti imekosa pa kugonga, hairudi.

Hapa ndipo jeni inapoingia. Ndani ya seli kuna mnyororo wa protini zinazopokezana amri ya kukua, kama watu waliojipanga kutoka kisimani wakipitishiana ndoo: RAS huipa RAF, RAF huipa MEK, MEK huipa ERK, na ERK huifikisha kwenye kiini cha seli. Amri ikizidi, ERK hurudisha ujumbe nyuma kwamba basi, inatosha. BRAF ni mmoja wa ndugu wa RAF. Mwaka 2002 iligunduliwa kwamba katika saratani kadhaa jeni ya BRAF imebadilika, mara nyingi kwa herufi moja tu: herufi ya 1799, iliyotakiwa kuwa T, imekuwa A. Herufi hiyo moja huifanya protini iweke asidi ya glutamiki mahali pa valini katika nafasi ya 600, na ndiyo asili ya jina V600E. Protini ikishakuwa hivyo hutoa amri ya kukua bila kungoja RAS, na ule ujumbe wa kutuliza haiusikii tena.

Kwenye tezi ya shingo matokeo yake yanaonekana kwa macho. Seli husahau kazi zilizozaliwa nayo. Huacha kutengeneza vifuko, hupunguza mlango wa protini unaoingiza madini joto, hujipanga kwa vijitawi, na huzungukwa na makovu. Huo ndio mwili wa saratani ya papilari, yaani ya vijitawi, ile ya kawaida. Kwenye skrini unaona kinundu cheusi kuliko tezi, chenye kingo za menomeno, mara nyingi kimesimama badala ya kulala: kimo chake kuelekea ngozi kinazidi upana wake, maana kinakata matabaka ya tezi badala ya kuyafuata. Na unaona mchanga.

Mchanga huu una historia yake. Ncha za vile vijitawi hufa, chokaa ikaganda juu ya seli zilizokufa, tabaka juu ya tabaka, hadi vikawa vitufe vyenye miduara ndani yake kama kitunguu kilichokatwa. Wanapatholojia, madaktari wanaochunguza nyama kwa hadubini, waliviita miili ya psamoma, kutoka neno la Kigiriki lenye maana ya mchanga. Ni vidogo sana, hata kimoja hakifiki milimita, na havitupi kivuli nyuma yao kama lifanyavyo jiwe la nyongo. Vinameta tu. Ukiinamisha probu kidogo vinawaka na kuzimika, kama mchanga wa ufukweni bahari inapokupwa na jua limeinama. Mara ya kwanza kuuona waziwazi ilikuwa kwenye shingo ya mwalimu mmoja kijana wa shule ya msingi. Kinundu chake kilikuwa na milimita 8 tu, cheusi, kimesimama, kimejaa chembe. Kwa kila kigezo cha macho kilikuwa kibaya kuliko kile cha bibi. Kilikuwa saratani kweli, ya papilari, na haikuwa imetoka nje ya tezi. Mwalimu yule yupo, anafundisha.

RAS ni ukoo mwingine. Jeni zake ni tatu, NRAS, HRAS na KRAS, na kwenye tezi ya shingo mabadiliko hukutwa zaidi kwenye NRAS, nafasi ya 61. Zikibadilika, amri ya kukua huongezeka, lakini ule ujumbe wa kutuliza bado unasikika kiasi. Seli huzaana huku zikikumbuka zilikotoka. Zinaendelea kujenga vifuko, zinaendelea kuvuta madini joto, na uvimbe wake kwa kawaida hujifunika ganda. Sauti ikifika inakuta mipaka tele, inarudi. Kwa hiyo kinundu kinakuwa na kijivu cha tezi, kimelala, kingo laini, na wanja wake pembeni. Muungano wa jeni mbili za PAX8 na PPARG, uliogunduliwa mwaka 2000 kwenye saratani za folikula, nao huzaa uvimbe wa ukoo huu wa vifuko na ganda. Jeni za kinundu cha bibi hazikupimwa, kwa hiyo sitamtajia jeni. Ila sura niliyoiona asubuhi ile ndiyo sura ya ukoo huu.

Mgawanyo huu wa koo mbili sikuutunga mimi. Mwaka 2014 mradi mkubwa wa Marekani wa kuchora ramani ya jeni za saratani ulichapisha uchambuzi wa saratani 496 za papilari. BRAF V600E na ndugu zake zilikutwa katika takriban 60 kwa kila 100, na jeni za RAS katika takriban 13. Kilichonigusa kuliko hesabu hizo ni kwamba walipozisoma jeni zote zinazofanya kazi ndani ya seli, saratani zilijitenga zenyewe pande mbili: zenye tabia ya BRAF na zenye tabia ya RAS. Hata saratani isiyo na mabadiliko kwenye jeni yoyote kati ya hizo ilipata upande wa kuegemea. Mimi nauona mgawanyo huo kila wiki kwenye skrini, kwa weusi na kijivu, kabla sindano haijagusa mtu.

Lakini kuuona ukoo si kuiona jeni, na hapa tafiti nyingi za picha na jeni huteleza. Ukichukua vinundu vya BRAF na kuvilinganisha na vya RAS, tofauti ni kubwa: vya BRAF vina weusi, kingo mbovu na kusimama, vya RAS vina umbo la yai na ulaini. Ukichukua saratani za papilari za kawaida peke yake, zenye V600E na zisizo nayo, tofauti hupungua sana. Baadhi ya tafiti hukuta kwamba zenye V600E husimama zaidi au huwa na chembe nyingi zaidi, nyingine hazikuti kitu. Kwangu mimi sababu iko wazi. Jeni hujenga aina ya uvimbe, na aina ya uvimbe ndiyo inayojenga picha. Aina ikishakuwa ileile, jeni haina tena mlango wa kujionyesha. Ni kama nyumba za makuti: kwa mbali utajua hizi ni za makuti na zile za bati, lakini hutajua fundi ni nani.

Kuna kasoro nyingine ya msingi isiyosemwa vya kutosha. Vinundu vinavyoingia kwenye tafiti hizi kwa wingi ni vile vilivyokatwa, na vilikatwa kwa sababu vilionekana vibaya tangu mwanzo. Vyenye sura njema vilirudishwa nyumbani. Ukipima uhusiano wa sura na jeni kwa kutumia kundi lililochujwa kwa sura, utapata uhusiano, lakini utakuwa umepima pia uchujaji wako mwenyewe. Ndiyo maana sizishabikii haraka programu za akili mnemba zinazojaribu kuibashiri BRAF kutoka kwenye picha. Zinapatia kuliko kubahatisha, ila si kwa kiwango cha kuzikabidhi shingo ya mtu.

Na hata jeni yenyewe ikisomwa kwa usahihi, haijamaliza kesi. V600E ikikutwa kwenye seli za kinundu, karibu kila mara ni saratani. RAS ikikutwa, bado hujafika: jeni hiyohiyo hubadilika katika uvimbe usio na madhara kabisa, ule unaoishi ndani ya ganda lake bila kulitoboa. Sindano nayo haisaidii, kwa sababu tofauti kati ya uvimbe mwema wa folikuli na saratani ya folikula haiko kwenye sura ya seli moja moja; iko kwenye ganda, kama limetobolewa au la, na hilo linajulikana uvimbe ukiwa mezani mzima. Mwaka 2016 wanapatholojia wa nchi mbalimbali walikubaliana kwamba aina moja ya uvimbe wa ukoo huu, iliyokuwa ikiitwa saratani ya papilari, iondolewe jina la saratani kwa sababu ikikaa ndani ya ganda haidhuru. Naona ule ulikuwa uamuzi wa utu. Neno saratani peke yake linatosha kumfanya mtu auze shamba.

Ukoo wa RET nitaupitia kwa ufupi, maana ni nadra zaidi. Baada ya ajali ya Chernobyl ya mwaka 1986, watoto wengi wa Belarus na Ukraina waliopata saratani ya tezi ya shingo walikutwa na jeni ya RET iliyokatika na kuungana na jeni nyingine. Muungano wa namna hiyo hukutwa pia katika aina ya papilari inayoenea tezi nzima bila kutengeneza kinundu. Kwenye skrini chembe nyeupe zinatapakaa kila mahali, kama unga uliomwagikia kaniki. Aliyezoea kutafuta uvimbe wa duara ataiona na kudhani ni tezi iliyovimba kwa kinga ya mwili kujishambulia. RET ya kurithi ni habari tofauti: huleta saratani ya medula, aina nyingine ya saratani ya tezi, kwenye familia, na huko kipimo cha damu cha jeni ndicho kinachotangulia, watoto na ndugu wapimwe, picha ifuate.

Sasa turudi kwenye majedwali. Linalotumika sana ni TI-RADS ya Chuo cha Radiolojia cha Marekani, iliyotolewa mwaka 2017. Unatoa alama kwa mambo matano: kinundu ni nyama tupu au kina maji, weusi wake, umbo lake, kingo zake, na chembe nyeupe. Alama zinajumlishwa hadi daraja la 1 mpaka la 5. Daraja la 5 huchomwa sindano likifika sentimita 1, la 4 likifika 1.5, la 3 likifika 2.5. Hesabu hii ina busara ndani yake. Vinundu laini vya kijivu karibu vyote ni vyema, na ukivichoma vyote utawatesa watu bure. Ila angalia alama nyingi zinakokwenda: weusi, kusimama, menomeno, mchanga. Hiyo ni picha ya BRAF. Saratani ya folikula inajikusanyia alama 3, mbili kwa kuwa nyama na moja kwa kijivu chake, na inasubiri ukubwa.

Kwa haki, jedwali lisingemwacha bibi. Sentimita 3.4 zilikuwa zimeshapita kiwango, na inawezekana zilikuwa zimeshapita hata miaka miwili nyuma. Kilichomwacha ni karatasi isiyo na vipimo. Aliyeandika "cha kawaida" aliona sura njema akaifanya hukumu. Nimewahi kuandika karatasi za namna ile mimi mwenyewe, siku za foleni ndefu, na sasa nikizikumbuka moyo unanienda mbio.

Milima yetu ndiyo inayonifanya niseme kwa sauti zaidi. Usambara ni nchi ya rovu tangu enzi za mababu. Mvua ya milimani huosha madini joto kutoka kwenye udongo na kuyarudisha baharini, mazao yanaota bila kuyapata, na muhogo unaoliwa bila kuandaliwa vizuri huizuia tezi kuchukua hata yale machache yaliyopo. Tezi inanyimwa, inavimba ikitafuta. Nchi yetu ilianza kuweka sheria ya chumvi yenye madini joto katikati ya miaka ya 1990, na hata baada ya hapo chumvi ya mashamba madogo ya pwani haikuwa ikitiwa madini joto sawasawa. Mtu aliyezaliwa Mlalo au Soni mwaka 1955 alikuwa mtu mzima wa karibu miaka 40 kabla chumvi ile haijafika mezani kwake.

Kwa nini hilo lihusike na jeni na picha? Kwa sababu imejulikana kwa miongo mingi, katika nchi mbalimbali, kwamba palipo na upungufu wa madini joto sehemu kubwa zaidi ya saratani za tezi ni za folikula, na chumvi ikishatiwa madini joto mizani huhamia upande wa papilari. Upande wa pili wa shilingi, utafiti wa China uliochapishwa mwaka 2009 ulikuta V600E kwa wingi zaidi kwenye saratani za papilari za maeneo yenye madini joto yaliyopitiliza. Hilo halithibitishi kwamba madini joto huibadilisha jeni. Linatosha kunionyesha kwamba mchanganyiko wa koo za saratani haufanani kila mahali. Marekani ilianza kuuza chumvi yenye madini joto mwaka 1924, huko Michigan. Wakorea hula mwani kwa wingi. Majedwali na tafiti za picha na jeni zimetoka kwa watu hao. Tukiyachukua yalivyo na kuyalaza juu ya shingo ya bibi wa Usambara, tunapima kwa pishi ya jirani.

Najua kuna atakayesoma hapa na kusema basi watu wote wapimwe shingo. Hapana, na kwa hili Korea Kusini imeshalipa gharama kwa niaba yetu. Watu wazima wakipimwa ultrasaundi ya shingo bila kuwa na dalili, 19 hadi 68 kati ya 100 hukutwa na kinundu, kutegemea umri na mashine. Korea Kusini ilipoifanya ultrasaundi ya shingo kuwa nyongeza ya kawaida kwenye vipimo vya afya, idadi ya saratani za tezi zilizogunduliwa mwaka 2011 ilikuwa mara 15 ya ile ya mwaka 1993, na vifo havikupungua. Maelfu walikatwa tezi kwa saratani ndogo za papilari ambazo zingekaa nao mpaka uzeeni. Wengi wa hao walikuwa ukoo wa BRAF, wenye sura ya kutisha na mwendo wa kobe. Kwa hiyo sura inaweza kudanganya pande zote mbili: ikakutisha kwa kidogo cha mwalimu, ikakubembeleza kwa kikubwa cha bibi.

Anayestahili kupimwa ni mwenye uvimbe unaoshikika au unaokua, aliyekauka sauti bila mafua, mwenye mitoki ya shingoni isiyokwisha, aliyewahi kupigwa mionzi ya shingo utotoni, au mwenye ndugu wa damu mwenye saratani hii. Kwa Tanga naongeza mmoja: mzee wa milimani mwenye rovu la siku nyingi ambalo sehemu yake moja imeanza kukua peke yake, au aliyeanza kuumwa mfupa bila kuanguka. Saratani ya papilari hupenda kupitia mitokini. Ya folikula hupanda damu na kwenda mapafuni na mifupani, na mgonjwa huja kwetu akilalamikia pale ilipofikia, si pale ilipoanzia.

Sisi tunaoshika probu tuna la kufanya kesho asubuhi, bila kungoja bajeti. Kila kinundu kiandikwe vipimo vyake vitatu, weusi, umbo, kingo, chembe, na hali ya mitoki ya pande zote mbili. Iandikwe mgonjwa alikulia wapi, kwa jina la kijiji. Neno "cha kawaida" lisisimame peke yake kwenye karatasi ya mtu. Mgonjwa apewe picha zake, maana kinundu chenye sura njema hujulikana zaidi kwa kulinganishwa na jana yake. Ripoti za namna hiyo zikikusanyika kwa miaka mitano kutoka hospitali za Bombo, Lushoto, Korogwe na Muheza, zikaunganishwa na majibu ya patholojia, tutaweza kusema kwa hesabu zetu wenyewe ni sehemu gani ya saratani za tezi mkoani huja na sura laini.

Na jeni je? Vipande vya uvimbe uliokatwa huhifadhiwa kwenye nta, na vikitunzwa vizuri hukaa miaka. Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu ina kituo hapahapa Tanga, na wataalamu wake kwa miaka wamekuwa wakisoma vinasaba vya vimelea vya malaria, wakitafuta herufi zilizobadilika zinazoashiria usugu wa dawa. Kutafuta herufi ya 1799 ya BRAF au nafasi ya 61 ya NRAS kwenye kipande cha nta ni kazi ya kanuni ileile, ingawa nta ina usumbufu wake na vitendanishi ni vingine. Ujuzi wa kusoma herufi moja iliyopotoka haujatupitia mbali. Upo mtaa wa pili. Kinachokosekana ni daraja kati ya chumba changu chenye skrini, meza ya mwanapatholojia na maabara ile, na mtu wa kuamua kwamba shingo za watu wa milimani zinastahili daraja hilo.

Bibi alitolewa nusu ya tezi iliyobaki, akaandikiwa kwenda taasisi ya saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam, kunywa madini joto yenye mionzi. Hilo ndilo jema la ukoo huu: seli zake mara nyingi bado zinakumbuka kuvuta madini joto, hata zikiwa zimehamia mfupani, kwa hiyo dawa ina njia ya kuzifikia. Seli za V600E mara nyingi zimeshaufunga mlango huo. Kabla ya safari alipita kwangu na mjukuu wake, ameshika karatasi nyingine, hii ikiwa na maandishi kurasa mbili. Ilisema wiki zinazotangulia dawa asile chumvi yenye madini joto, wala samaki, wala dagaa, ili seli zibaki na njaa na kuipokea dawa kwa pupa.

"Miaka yote mmekuja kule kwetu kutuambia tutumie chumvi ya madini joto," aliniambia. "Leo mnaniambia niache."

"Kwa siku chache tu bibi. Halafu utapewa hayo hayo madini joto, ila haya yana kazi."

Alimpa mjukuu karatasi aikunje, akamwonyesha jinsi ya kuikunja mara mbili tu, isichanike.